Miezi tisa ya kuyafundisha masikio Kiingereza: uzoefu wangu

Kusoma Kiingereza nasoma. Mkataba wa kurasa kumi naumaliza bila kufungua kamusi, na barua pepe naandika mpaka wenzangu wananipa zao nizirekebishe. Shida yangu ilikuwa simu. Mtu akianza kuongea, maneno niliyoyajua tangu utotoni yalinipita kama wageni. Siku moja mteja aliniambia kwamba Ijumaa hawezi. Mimi nikasikia anaweza. Ijumaa nikawasha kompyuta, nikanyoosha kola, nikakaa kwenye mkutano peke yangu dakika arobaini nikitazama uso wangu mwenyewe.

Baada ya aibu hiyo nikaanza kutafuta dawa. Naandika kwa ajili ya mwenye ugonjwa kama wangu, yaani macho yanajua lugha ila masikio hayaijui. Anayeanza kabisa huenda asipate kitu hapa.

Nilianza na programu ya simu ya kulipia, ambayo sitaitaja. Unasoma sentensi kwa sauti, yenyewe inakupa rangi: kijani umepatia, nyekundu umekosea. Wiki mbili nzima nilikuwa kijani tupu, nikavimba kichwa. Kisha nikaitega. Penye "sheep" nikasema "ship". Kijani. Nikasoma sentensi nzima nimebana pua. Kijani. Nadhani kwa kuwa tayari inajua unachotakiwa kusema, inaridhika ukikaribia tu. Binadamu wa upande wa pili wa simu hana hiyo karatasi ya majibu. Nikafuta usajili, kazi iliyonichosha kuliko masomo yenyewe.

Nikahamia kwenye vipindi vya VOA Learning English. Asili yake ni Special English, matangazo yaliyoanza mwaka 1959: sentensi fupi, msamiati wa maneno kama 1,500 hivi, na msomaji asiye na haraka. Kila habari ilikuwa na sauti na maandishi yake, na hayo maandishi ndiyo yaliyonifaa. Nilikuwa najipa imla kama mtoto wa shule. Nasikiliza sentensi, nasimamisha, naandika nilichosikia, nikifika sentensi ya tano nalinganisha na maandishi. Dakika kumi na tano kwa siku, si zaidi, maana inachosha kuliko inavyodhaniwa.

Hapo ndipo nilipojijua. Nilitegemea kukwama kwenye maneno makubwa, kumbe "government" na "environment" nilikuwa nayaandika bila wasiwasi. Kalamu nyekundu ilikuwa inaangukia vijineno: "of", "to", "was", "have", "can". Karibu kila kosa lilikuwa hapo. Ukifikiri vizuri, sababu iko kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi kila silabi tunaipa haki yake, irabu zetu tano zinasikika wazi popote zilipo, na mkazo unajulikana uko wapi: silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinabagua. Neno lenye habari linapewa sauti yote, na vijineno vinavyoliunganisha vinafinywa mpaka irabu zake zinafifia na kubaki mguno mdogo tu. Mimi nilikuwa nasubiri "to" itamkwe "tuu" kama ilivyoandikwa akilini mwangu, na haikuja kamwe.

Nikamkumbuka mteja wangu. "Can" katikati ya sentensi inatoka kama "kn", haina uzito wowote. "Can't" inabeba mkazo, irabu yake inasikika kamili. Mimi nilikuwa natega sikio kwa ile "t" ya mwisho, na Wamarekani wengi hiyo "t" wanaimeza. Nilikuwa nachunga mlango ambao mwizi hapiti. Tangu siku hiyo siitafuti tena "t", nasikiliza kama neno lina uzito au halina. Kwa hili peke yake, vipindi hivyo nawapa shukrani.

Kosa nililofanya, na ni langu mwenyewe, ni kukaa humo miezi minne. Masikio yalizoea mwendo wa taratibu, nikawa naelewa kila kitu na kujiona fundi. Mtu akiongea kwa kasi ya kawaida, narudi palepale. Ningeondoka baada ya wiki sita.

Cha tatu, ambacho bado nakitumia, ni 6 Minute English ya BBC. Hawa kufundisha Kiingereza redioni walianza mwaka 1943, kwa hiyo wamekomaa. Watangazaji wawili wanazungumzia jambo moja, mwanzoni wanauliza swali lenye majibu matatu ya kuchagua, jibu linatolewa mwishoni, na katikati wanafafanua maneno sita. Maandishi yapo bure. Faida yake kwangu ni kwamba watu wanajibizana, wanacheka, sauti ya mgeni wao inaweza kuwa na lafudhi nyingine kabisa. Nasikiliza mara ya kwanza bila maandishi na kuchagua jibu langu. Mara ya pili nafanya imla ya dakika moja tu. Mara ya tatu namfuatisha mtangazaji: yeye anaongea nami naongea nyuma yake kidogo, kama kivuli, bila kusimamisha. Mwalimu wa lugha wa Kimarekani Alexander Arguelles ndiye aliyeitangaza sana njia hii, na anashauri ufanye huku unatembea kwa nguvu, kwa sauti kubwa. Nilijaribu. Watu walinipisha njia.

Kufuatisha ndiko kulikonifungua mdomo, lakini kwa kuongea kwenyewe hakuna kilichonisaidia kama kinasa sauti cha simu, ambacho ni bure na hakina rangi ya kijani. Dakika mbili kila jioni nasimulia siku yangu, asubuhi najisikiliza. Mara ya kwanza niliizima. Nilikuwa natamka "asked" kama "askedi", silabi tatu, na wenyewe wanaimaliza kwa silabi moja. Kila neno lililoishia na konsonanti nililipa irabu ya zawadi. Faraja yangu ilikuwa moja: "three" na "this", zinazowatesa watu wa lugha nyingi, sisi tumezirithi kwenye thelathini na dhahabu.

Upungufu wa yote haya ni kwamba havikujibu. Kipindi hakikukatizi wala hakikuulizi "unamaanisha nini?" Kwa hiyo nikatafuta mtu anayejifunza Kiswahili, tukakubaliana nusu saa lugha yake, nusu saa yangu. Yeye anapigana na "ng'ombe", mimi napigana na "world". Kwake ndiko nilikojifunza kwamba nisipoelewa nisiseme "sorry?" tu, maana mtu atarudia vilevile, tena kwa kasi ileile. Namrudishia nilichosikia, anarekebisha pale palipokosewa.

Mwezi uliopita yule mteja alipiga. Akataja Jumanne, na kwenye "can't" nikausikia uzito, wazi kabisa. Ili kuhakikisha nikamrudishia: "You can't come on Tuesday?" Akajibu, "No."

Nikabaki nimeshika simu. Kwetu ukiulizwa "Huji?" na kweli huji, unajibu "Ndiyo, siji." Yeye "no" yake ilikuwa na maana hiyohiyo, hawezi, lakini akili yangu ilikuwa imeshaanza kumwandalia mkutano. Ilibidi nimuulize, "Which day, then?" Akasema Alhamisi. Nikamwomba aniandikie barua pepe.