GNU Backgammon: programu ya bure iliyonifundisha kukaa na nanga

Wadau wa bakigamoni, ule mchezo wa watu wawili kukimbiza kete ubaoni kwa dadu, hapa Arusha najua hatuko wengi, kijiweni kwetu Sakina tuko wanne na ubao mmoja alioleta shemeji yangu, wengine wote ni drafti na karata. Ila kama upo na unacheza naomba sana uishushe GNU Backgammon kwenye kompyuta. Ni bure kabisa, haina matangazo na ukishaiweka haili bando, nina miezi minne nayo na mchezo wangu umebadilika hasa kwenye kitu kimoja, kushikilia.

Kushikilia ni pale mwenzako kashatoa kete zake za nyuma, anakuacha kwenye mbio, na wewe umebaki na kete mbili zimekaa pamoja ndani kwake, mara nyingi kwenye pointi yake ya 5 (pointi ni vile vituo 24 vya ubao, kila mtu anahesabu vyake kuanzia 1 mwisho wa safari yake). Hizo mbili ndo nanga yako, hawezi kuzipiga (inapigwa iliyo peke yake tu, inatolewa na inabidi iingie upya ndani kwa aliyeipiga), na yeye bado ana kete pale katikati ya ubao lazima azipitishe mbele ya macho yako. Kazi yako ni kusubiri aache kete moja peke yake. Sasa kusubiri ndo palipokuwa pananishinda, nilikuwa nikiona nimeachwa hatua 30 napata presha nakimbia.

Ngoja niwape gemu moja nilivyoikumbuka. Nina nanga kwenye 5 yake, nina kete mbili kwenye pointi yangu ya 13, yeye ana tatu bado ziko katikati. Dadu zikaja 6-5. Nikachomoa kete moja kwenye nanga ikakimbia hatua 11, nikaona nimepunguza pengo, nikaachia nyingine imebaki peke yake kule kwake na ikapigwa palepale. Baada ya gemu nikabonyeza uchambuzi, aisee ile muvu imewekewa alama mbili za kuuliza, yaani kosa kubwa kabisa, na juu yake imeandikwa muvu yenyewe ilivyotakiwa: zile mbili za 13 zote zishuke, moja kwenye 8 na moja kwenye 7. Nikakaa nikaangalia ubao vizuri, kweli, kete zake zote zimeshapita huko kwangu kwahiyo nikishuka hakuna wa kunipiga, nanga inabaki, na nyumba yangu, yaani pointi zangu 1 hadi 6, inaanza kujengeka ili nikija kumpiga asipate pa kuingilia. Tangu siku hiyo kabla sijagusa nanga natafuta kwanza kama kuna kete nyingine ya kusogeza.

Kingine imenifanya nijue hesabu za shoti, yaani nafasi ya kuipiga kete iliyoachwa peke yake. Ukiwa kwenye 5 yake na yeye akaacha kete moja pale katikati, kwenye 13 yake, ni hatua 8, unampata kwa mitupo 6 tu kati ya 36, ni ndogo. Akiiacha kwenye 8 yake ni hatua 3, mitupo 14. Nanga ikiwa mbele kidogo kwenye 7 yake basi ile ya katikati iko hatua 6 na hapo unakuwa na 17, karibu nusu, ila ukiwa hapo ukikosa hujashika kitu ndani ya nyumba yake. Ndo maana mimi napenda ya 5, hata mambo yakiharibika ni mara chache kufungwa mara mbili, yaani gemu moja kuhesabiwa mbili. Na akikudabo (akitaka gemu ihesabiwe mara mbili, ukikataa umeshindwa palepale) usikimbilie kukataa, ukiona unaweza kushinda hata mara 1 kati ya 4, pokea.

Kuna chalii mmoja kijiweni alikataa katakata, anasema kompyuta inajipangia dadu. Nikamuonyesha kuna sehemu ya kuingiza dadu kwa mkono, unatupa zako kwenye ubao, zake pia unazitupa wewe, unaandika namba. Tulicheza hivyo jioni nzima, ikashinda gemu nyingi tu. Haihitaji kuiba, akili yake inatokana na njia ileile ya TD-Gammon ya IBM mwaka 1992, programu iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe.

La kujiandaa nalo ni kwamba inakupa namba, haikuelezi kwa maneno kwa nini muvu ni mbaya, hapo inabidi ukae mwenyewe ufikirie au muwe wawili mbishane. Sura yake pia ni ya kizamani. Laptopu yangu ni ya zamani kwahiyo nikiiomba ipige gemu ileile mara mamia kupima muvu moja naenda kupika chai narudi bado inahesabu, na umeme ukikatika naanza upya.

Anza na kiwango cha chini ucheze gemu kumi, kila moja ichambue, angalia tu zile zenye alama mbili. Ukikwama kuiweka njoo Sakina jioni baada ya saa kumi na moja, laptopu huwa ninayo.