Siku nne Langhe: niliifuata Barolo, nikarudi na Dolcetto

Nianze na glasi ya tatu, maana ndiyo iliyoniaibisha. Mbili za mwanzo zilikuwa na rangi ya kueleweka, nyeusinyeusi kama maji ya zambarau. Hii ya tatu, ambayo ndiyo Barolo yenyewe, mvinyo mwekundu wa Italia, tuliyoifungia safari, ilikuja imepauka. Niliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza nikaona mpaka nyuzi za kitambaa. Nikamwambia wifi yangu kwa Kiswahili, ili wenyeji wasinielewe, "Huu wametuchakachulia." Kisha nikapiga funda.

Fizi zikakamatwa. Ulimi ukakauka, mashavu yakavutwa ndani, nikabaki kama mtu aliyekula mabibo matano mfululizo chini ya mkorosho. Ukakasi ni ule ule, tofauti ni kwamba huu ulichelewa kuondoka na nyuma yake ukaacha utamu fulani ambao sikuutarajia. Mama mwenye nyumba alikuwa ananitazama usoni akicheka. Nadhani wageni wote humfanyia hivyo.

Tunaishi Milano, na Langhe ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Ni vilima vya mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia, upande wa kusini mwa mji wa Torino, mizabibu imepangwa mistari hadi inakatiza barabara. UNESCO iliyaingiza mandhari haya kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Mji wa karibu ni Alba, nyumbani kwa Nutella, ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate. Tulifikia kwenye agriturismo, yaani kwa mkulima anayepokea wageni: analima, anakulaza, anakulisha vya shambani kwake. Chumba kilikuwa safi na kitanda kizuri. Bwawa la kuogelea tulilolipenda kwenye picha tulilikuta limefunikwa turubai, na hakuna aliyetwambia wakati tunalipia. Ilikuwa katikati ya Oktoba, kwa hiyo labda ilinipasa nijiongeze. Bei za vyumba nazo hupanda miezi hiyo, kwa sababu ndio msimu wa uyoga ule ghali wa chini ya ardhi, tartufo mweupe, na Alba huwa na maonyesho yake. Asubuhi kulikuwa na jibini, mayai, na keki ya nocciole, zile njugu za duara zinazotiwa kwenye Nutella. Hiyo keki nilikula kupita kiasi.

Turudi kwenye glasi. Zabibu ya Barolo inaitwa nebbiolo, na wengi hulihusisha jina hilo na neno nebbia, ukungu. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nisione hata mizabibu iliyo hatua ishirini kutoka ukutani. Ni zabibu inayochelewa kuiva, huvunwa baada ya wenzake, na ganda lake lina rangi haba lakini ukakasi tele. Kwa hiyo kupauka kule hakukuwa maji wala ujanja. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mti. Mtoto akianza kidato cha kwanza zabibu zinapomaliza kukamuliwa, chupa inafika dukani yuko cha nne. Ile inayoitwa Riserva hungoja miezi 62.

Wifi yangu ni mtu wa Tanga na hagusi kileo, ndiye aliyekuwa dereva wetu. Usiende Langhe bila mtu wa namna hiyo. Kiwango cha mwisho cha kileo kwa dereva Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na zile barabara zinapinda hata kwa aliyekunywa maji. Basi alikaa na chupa yake ya maji mpaka glasi ya nne, Barolo ya miaka mingi zaidi, akasema, "Nipe ninuse tu." Akatia pua, akanyamaza muda. "Waridi," akasema. "Lakini si bichi, ni lile lililokauka kwenye sanduku la kanga. Halafu kuna lami." Nikamcheka mpaka basi. Nilipomtafsiria yule mama, alipiga makofi: waridi na lami ndizo harufu mbili ambazo Barolo inasifiwa nazo miaka yote. Mimi niliyekunywa glasi nne sikuwa nimenusa hata moja. Kuanzia hapo kila tulikokwenda wifi alinusa kwanza, mimi nikafuata.

Siku ya pili tulikwenda kijiji cha Barolo chenyewe. Ndani ya ngome yao ya kale kuna Enoteca Regionale, ambako unaonja chupa za wazalishaji tofauti pamoja badala ya kuzunguka kila ghala la mvinyo. Vijiji vyenye haki ya kulitumia jina Barolo ni 11 tu, na huko nilifanya jambo ninalowashauri wengine: niliomba glasi mbili kwa wakati mmoja, moja ya La Morra na moja ya Serralunga d'Alba. Zabibu moja, vilima vinavyotazamana. Ya La Morra ilikuwa laini, inanukia hata kabla hujaifikisha puani. Ya Serralunga ilikuwa ngumu, imekunja uso, ikanirudisha kwenye mabibo yangu. Nilikuwa nikisikia watu wanaongelea udongo unavyobadili mvinyo nikidhani ni maringo.

Siku ya tatu ndiyo ilinikera. Kuna ghala moja, jina naliacha, tuliambiwa kwa simu kuwa kuonja ni bure ukinunua. Nikanunua chupa mbili. Kwenye malipo wakasema bure ni kuanzia chupa sita, na wakadai euro 25 kwa kichwa, pamoja na wifi ambaye alikunywa maji! Tulibishana, wakamwondoa wifi, mimi nikalipa. Uliza kabla hujakaa: ni kiasi gani, chupa ngapi, na asiyekunywa anahesabiwa vipi.

Jioni ile ile wenyeji wetu walitupikia, na hapo ndipo safari iligeuka. Walianza na tajarin, tambi nyembamba za viini vya mayai, kisha brasato, nyama ya ng'ombe iliyoiva taratibu ndani ya mvinyo mpaka inakatika kwa kijiko. Nilikula nyama, nikanywa Barolo, nikasubiri ukakasi. Haukuja. Yaani ulikuja ukakutana na mafuta ya nyama, wakamalizana wenyewe. Nikajuta kuinywa kavukavu siku mbili zote.

Ila mzee mwenye shamba yeye hakuigusa. Alikuwa na glasi fupi ya maji na ndani yake Dolcetto, ile ya kwanza kabisa ambayo niliipita haraka nikiikimbilia Barolo. Jina lake, lenye neno la Kiitaliano dolce, tamu, linakufanya udhani ina utamu, kumbe haina sukari. Ina zambarau nyingi, uchungu kidogo mwishoni, uchachu mdogo, haikuulizi maswali. Barbera, mvinyo mwingine mwekundu wa huko, ni kinyume, ina uchachu wa kuamsha mate na ukakasi mdogo. Nilimuuliza mzee mbona hanywi Barolo yake. Akasema Barolo ni ya Jumapili na ya kuuza.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Baba yangu alikuwa na ekari moja ya zabibu Hombolo, nje ya Dodoma, na chupa ya Makutupora, mvinyo wa Dodoma, nyumbani kwetu ilionekana Krismasi. Nilipomwambia mzee kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, alimgeukia mkewe kwa Kipiemonte, nadhani kuuliza kama Kiitaliano changu kimekosea. Nikamweleza kwamba hatuna baridi ya kuulaza mzabibu. Unaupogoa, unaumwagia maji, unaamka. Alitikisa kichwa akaniongezea Dolcetto.

Kwa bei zao wenyewe, Dolcetto ilikuwa euro 10, Barbera 13, Barolo 42. Nilibeba Dolcetto nne, Barbera moja na Barolo moja. Ukinunua Barolo angalia shingo ya chupa kuna ukanda wa serikali wenye namba, maandishi DOCG, yaani daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia. Dolcetto d'Alba na Barbera d'Alba huandikwa DOC, daraja la chini yake, usidhani umeibiwa. Ndoo ya kutemea ipo kila meza, itumie bila haya, hasa kama una ghala la pili mchana. Na ule kwanza.

Agriturismo naipa nyota nne, ya tano imezama kwenye lile bwawa. Nitarudi, lakini Septemba, kabla bei hazijapanda. Dolcetto zote nne hazikumaliza mwezi. Barolo tumeambiwa tuingoje miaka mingine mitano. Imelala chini ya kabati, nimeizungushia kanga. Wifi akija huitoa, hunusa kizibo, na kudai anaisikia lami.