Tepu ya kuzibia rangi chini ya boti ya faiba: ninayoirudia na ninayoiacha dukani

Kwa boti ya faiba ya mita 7 inayopakwa rangi ya kuzuia magamba (viumbe wa baharini wanaoota chini ya boti) ikiwa ufukweni, ninayoirudia ni tepu ya plastiki ya bluu, Scotch 471, yenye upana wa milimita 12. Juu yake naongeza tepu ya kawaida ya karatasi ya milimita 48. Ya plastiki ndiyo inayochora mstari wa mpaka wa rangi, ya karatasi inaulinda ubavu usichafuliwe na rola. Ukibandika karatasi peke yake ubavu utabaki safi, lakini mstari utatoka na meno.

Meno hayo yana sababu yake. Ile karatasi ya rangi ya maziwa inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi imetengenezwa na mikunjo midogo midogo ili iweze kuvutika. Kila mkunjo unaofika ukingoni ni mfereji, na rangi iliyoongezwa thina hupenya humo kwa urahisi. Plastiki haina mikunjo. Tena ni nyembamba, kwa hiyo rangi haiachi tuta ukingoni, na inavutika ikafuata mviringo wa omo (mbele ya boti) bila kukunjamana. Tepu ya karatasi ya bluu, wanayoitumia mafundi wa rangi za nyumba, iko katikati: ukingo wake ni safi kuliko ile ya maziwa, ila kwenye mviringo mkali inanyanyuka. Kwa boti yenye ubavu ulionyooka naiona inatosha kabisa.

Plastiki ni ghali mara kadhaa kuliko karatasi, ndiyo maana nachukua nyembamba. Pande mbili pamoja na tezi (nyuma) ya boti hiyo ni kama mita 16, hivyo roli la mita 33 linatosha kuzunguka mara mbili, bila akiba ya maana. Kabla ya kulipa, pitisha kidole pembeni mwa roli. Ukisikia chembe au mikwaruzo, liache. Ukingo wenye mchanga hauwezi kulala sawasawa, na kila chembe ni tundu la rangi. Kwa sababu hiyohiyo roli langu halilali mchangani hata dakika moja, linakaa kwenye mfuko wa plastiki.

Usidanganyike na maandishi kwenye lebo ya roli kwamba tepu inaweza kukaa siku 14. Siku hizo zinahesabiwa kwa tepu iliyobandikwa mahali safi, si kwa tepu iliyolowa thina ya rangi ya boti na kuokwa na jua la pwani. Wengi wetu tunapandisha boti maji ya bamvua (yanapojaa sana), tunaiacha juu wakati wa maji mafu (yanapojaa kidogo), na kuishusha bamvua linalofuata, karibu wiki mbili. Muda wa kazi upo wa kutosha, lakini tepu isilale hapo usiku hata mmoja.

Maandalizi yana uzito kuliko aina ya tepu. Osha mstari kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, acha ukauke, kisha futa kwa kitambaa chenye thina. Chumvi iliyobaki hunyonya unyevu na tepu hunyanyuka. Kama ubavu uling'arishwa kwa nta, tepu haitashika mpaka nta itoke. Na kama faiba imezeeka ikaacha unga mweupe mkononi, gundi itashika unga tu. Piga msasa wa maji kwanza.

Mstari wenyewe naupandisha sentimita 3 hadi 5 juu ya alama ya maji, kwani boti ikibeba watu, barafu na mafuta inazama zaidi ya inavyoonekana ikiwa tupu. Nabandika asubuhi kabla ya jua kufika ubavuni. Mmoja anashika roli, mwingine anabana, mita moja na nusu kwa wakati, kisha mnarudi nyuma hatua kumi kuangalia. Mahali palipopinda hupaoni ukiwa karibu. Sehemu iliyonyooka usiivute tepu: plastiki iliyovutwa hurudi taratibu, ikapotosha mstari na kuachia. Vuta kwenye mviringo tu. Mwisho sugua ukingo wa chini kwa kadi ngumu ya plastiki, ndipo uweke karatasi, ukiishusha hadi nusu ya upana wa plastiki. Karatasi isifike ukingoni.

Rola iende kutoka kwenye tepu kuelekea mkukuni, yaani chini kabisa ya boti. Ukipandisha, unasukuma rangi chini ya tepu, na brashi ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Mkono wa pili upakwe siku hiyohiyo ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukishindwa, toa tepu na ubandike upya kesho. Pale kwenye mstari wa maji mimi huongeza mkono wa tatu, upana wa kiganja, maana ndipo rangi inapolika haraka.

Kutoa ndiko kunakopambanua tepu nzuri na mbaya. Subiri rangi iache kung'aa umajimaji, lakini kidole bado kiache alama. Kwenye jua kali hiyo inaweza kuwa chini ya saa moja. Toa karatasi kwanza, kisha plastiki, ukiikunja irudi juu yenyewe, polepole. Ukiivuta moja kwa moja kukuelekea, itang'oa rangi vipande. Kama rangi imekauka tayari, pasha tepu kwa draya ya nywele, usitumie wembe. Faiba iliyochorwa na wembe haisameheki. Gundi iliyobaki inalainika kwa mafuta ya taa kidogo, halafu osha kwa sabuni. Asetoni inafaa kwenye faiba tupu tu, kwani ubavu uliopakwa rangi itauchubua.

Zinki (vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya mashine) na kihisio cha kina cha maji navizibia kwa karatasi ya kawaida, kazi hiyo haihitaji zaidi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yake, na chuma cha mashine ndicho kitakacholiwa.

Kwa mashua ya mbao ushauri huu haufai. Tepu yoyote inapita juu ya nafasi za mbao kama daraja na rangi inapita chini yake, hivyo ni afadhali mstari wa penseli na brashi nyembamba ya mkono uliotulia.

Tandika turubai chini kabla ya kuanza. Tepu iliyotumika na maganda ya rangi ya zamani mara nyingi huwa na shaba yenye sumu kwa viumbe wa majini, kwa hiyo vyote vifungwe kwenye mfuko na kuondolewa ufukweni kabla maji hayajajaa.