Adapta ya USB kwenda siriali: ipi ununue, ipi uiache dukani

ESP32-CAM ya kawaida, ile bodi ndogo yenye kamera na WiFi, haina tundu la USB; Arduino Pro Mini, bodi nyingine ndogo ya kuprogramu, nayo hivyohivyo. Ili kuzipakia programu unahitaji adapta inayogeuza USB kuwa siriali, yaani mawasiliano ya biti moja moja kwa waya. Dukani utatajiwa jina la chipu kwanza, lakini mimi natazama volti na pini ya DTR kabla ya jina.

Volti ndiyo inayounguza vitu. ESP32 inatumia volti 3.3, na ukiisukumia 5 kwenye RX (pini ya kupokea) unaihatarisha. Maandishi ya 3V3 pembeni mwa pini yasikudanganye: kuna adapta ambazo pini hiyo inatoa umeme tu, huku TX (pini ya kutuma) ikiendelea kutoa volti 5. Ipime. Chomeka adapta kwenye kompyuta, waya mwekundu wa multimita uguse TX, mweusi GND (pini ya ardhi). TX isipotuma kitu hukaa juu, kwa hiyo namba utakayoisoma ndiyo volti ya mawasiliano yenyewe.

DTR ndiyo inayoirisetisha Pro Mini wakati wa kupakia. Ikikosekana, utabonyeza kitufe kwa mkono na kuotea sekunde.

Ya kwanza kwangu ni CP2102 ya Silicon Labs. TX yake ni volti 3.3, inavumilia 5 kwenye RX, na Pro Mini ya volti 5 bado inaielewa. Kwa hiyo moja inatosha bodi zote mbili. Ila chagua yenye DTR. Nyingi zimewekewa RST (pini ya kurisetisha) mahali pake, na mara nyingi hiyo hurisetisha chipu ya adapta, si bodi yako.

Ya pili ni CH340 ya Wachina wa WCH. Ni rahisi mfukoni, Linux inaitambua bila kuhangaika, Windows ya zamani itataka draiva, yaani programu ya kuifanya kompyuta iitambue. Kama pesa ni ya mawazo, chukua hii bila aibu, mradi umeipima TX.

FT232RL ya FTDI, kampuni ya Scotland, kwa ubora ingekuwa juu: inafika megabiti 3 kwa sekunde. Naishusha hadi ya tatu kwa sababu ya feki. Mwaka 2014 FTDI walitoa draiva iliyopitia Windows Update na kufuta namba ya utambulisho ya chipu bandia. Watu wakaachwa na adapta ambazo kompyuta haizitambui tena. Ukiiona inauzwa bei ya CH340, usiulize sana: ichukulie ni feki, iache.

PL2303 iko mkiani. Matoleo ya zamani hayapewi draiva na mtengenezaji wake, Prolific, kuanzia Windows 8. Ukipewa bure na unatumia Linux, sawa.

Kebo yenye plagi ya pini tisa si mwenzao kabisa. Hiyo ni RS-232, volti zake zinashuka hadi hasi na kupanda zaidi ya 5. Usiiunganishe moja kwa moja na bodi yako.

ESP32-CAM ilishe kupitia pini ya 5V. Ile ya 3V3 ya FT232RL inatoa miliampea 50 tu, na WiFi ikiwaka hazifui dafu.

Kabla ya kulipa, omba uchomeke. Unganisha TX na RX za adapta kwa kipande cha waya, fungua programu ya siriali, andika chochote. Herufi zikirudi, inatuma na kupokea. Zisiporudi, mrudishie muuzaji.