Jiko la induksheni: nyota ngapi sasa?

Nyota moja nilikuwa nimeshaiandaa. Pale dukani Kariakoo nilimuuliza muuzaji waziwazi: sufuria zangu ni hizi za kawaida, zitafaa? Akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Zote zinapika, mama." Nikalipa. Nyumbani naweka sufuria ya alumini, ile ile inayoivisha pilau kwenye gesi. Jiko pii, pii, pii, kimya. Naweka nyingine, yale yale. Na wageni wako sebuleni.

Nikalirudisha. Yule kijana akacheka, akamgeukia mwenzake: "Mama amezoea mkaa." Mkaa! Mbele ya wateja. Nikabeba jiko langu nikarudi nalo nyumbani.

Aliyenielewesha ni fundi wa kusuka mota mtaani kwetu. Chini ya kile kioo cha jiko kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa. Umeme wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde, lakini jiko huupandisha, mara nyingi hadi zaidi ya 20,000. Usumaku wa koili nao unabadilika kwa kasi hiyo, na kitako cha sufuria kikiwa juu yake, ndani ya chuma chenyewe unazuka umeme wa kuzunguka, bila waya wowote kukigusa. Chuma kinaukinza, ndipo joto linapotoka. Alumini haivutwi na sumaku na inaupitisha kirahisi mno, kwa hiyo joto ni kiduchu, na jiko likigundua hivyo linagoma. Akanionyesha kiini cha transfoma: mabati membamba yaliyopakwa vanishi, yamepangwa makusudi kuubana umeme huo huo, maana kule ni hasara tupu.

Haya, muuzaji hakulazimika kuyajua yote. Angeweka sumaku mezani, basi! Mimi nilitumia ya spika mbovu. Kwenye sufuria zangu zote iliteleza ikaanguka. Kwenye kikaango cha chapati ikang'ang'ania.

Na hicho kikaango, jamani! Mafuta yalichachamaa kabla sijamaliza kusukuma chapati ya pili. Kioo chenyewe kina joto la kuazima tu kutoka kwenye kikaango. Basi nyota tano.

Ila sufuria zinazofaa, bei aliyonitajia yule yule kijana, huku bado anatabasamu... Hapana. Tatu. Na nitazinunua duka la jirani yake, nipite nazo mlangoni kwake.