Mtoto mwenye maumivu ya mfupa: radio au ekografi?

Huku Goma, mama akisema mtoto amepigwa radio, anamaanisha picha ya eksirei. Kwa mfupa uliovunjika ni kipimo kizuri sana: ufa huonekana kama mstari mweusi kwenye mfupa mweupe.

Lakini mtoto mwenye SS, yaani selimundu, akiamka na homa, mguu umevimba, hataki hata shuka limguse juu ya goti? Hapo naiogopa radio pekee. Maambukizi yakianza ndani ya mfupa, picha inaweza kutoka safi kabisa kwa siku 10 hadi 14, kwa sababu mfupa lazima upoteze madini mengi ndipo doa lionekane. Familia inarudi nyumbani imetulia, kumbe mfupa unaendelea kuliwa.

Ekografi, yaani picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound), haioni ndani ya mfupa. Ila huweza kuona usaha uliojikusanya chini ya utando wa mfupa siku za mwanzo, haina mionzi, na humwongoza daktari kuuvuta kwa sindano. Maji kidogo tu yakionekana hapo hayatoshi kuthibitisha maambukizi. Maumivu ya SS yenyewe huweza kuyaleta.

Ameanguka tu: radio. Ana homa: zote mbili siku ileile, pamoja na damu kupimwa.