Duka la waini njia ya Capri Point, Mwanza: waini safi, ila habari za damu waachie madaktari

Kwa waini hawa jamaa wako vizuri, nawapa haki yao. Za Dodoma zipo za kutosha, nyekundu kavu, tamu, nyeupe, na friji inapoza kweli, umeme ukikatika jenereta linawaka fasta. Ukikaa nje upepo wa ziwa unakupata vizuri tu na sato wa kukaanga unaagiza kwa mama wa jirani.

Sasa kuna karatasi wamebandika mlangoni kwa friji, maandishi ya maka peni, GLASI MOJA KWA SIKU DAMU HAIGANDI. Dada wa kaunta ukimuuliza anakwambia ndo siri ya Wafaransa. Hiyo stori ipo kweli, mtafiti Mfaransa Serge Renaud aliandika mwaka 1992 kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi ila magonjwa ya moyo kwao machache, akahisi pombe kiasi inafanya chembe sahani za damu, zile zinazoshikana damu igande, zisishikane ovyo. Kushikana kunapungua kweli, kwa muda, ila kutoka hapo mpaka kuiita kinga ni mbali mno, maana baadae ilionekana kwenye tafiti nyingi wale "wasiokunywa" wengine walishaacha kwa sababu ya ugonjwa, lazima wanywaji waonekane wazima kuliko wao! Na WHO Januari 2023 wakasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Halafu glasi moja ipi? Zao ni zile za tumbo kubwa, wanajaza mpaka juu, chupa ya mili 750 inatoa tatu, wakati glasi ya kwenye vipimo ni kama mili 150, yaani chupa moja glasi tano.

Kilichonikera zaidi, kuna mzee alisema anameza warfarini, dada akamjibu "babu hii itasaidiana na dawa yako". Jamani! Warfarini ndo dawa yenyewe ya kuzuia damu kuganda, ukiichanganya na pombe unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani, ndo maana watu wanapimwa damu kila mara wakiwa kwenye hiyo dozi. Nikamwambia mzee aulize kwanza kliniki kwake, akaagiza maji, dada akaninunia mpaka naondoka.

Nyota tatu. Malipo ni keshi au kwa simu, kadi hawapokei, na jumamosi wahi maana parking ni ya gari chache sana.